Lengo Kubwa Lina Masharti Yake: Majibu kwa Waliomaliza Shule

Kuanzia matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa Januari hadi vyuo vinapofunguliwa Oktoba, barua nyingi zinazoifikia safu hii huandikwa na watu ambao si wanafunzi tena, lakini bado hawajawa kitu kingine. Safari hii tumechagua tano. Waandishi wake wanatofautiana kwa umri, kwa ufaulu na kwa mahali wanapoishi, ila karibu kila mmoja ameshaambiwa na mtu anayempenda kwamba apunguze matarajio. Kwa maoni yangu, ushauri huo hutolewa mapema mno. Kabla ya kulipunguza lengo, mhitimu anapaswa kwanza kuijua njia inayolifikia: sifa za kujiunga, muda, gharama na tarehe za mwisho. Wengi huacha lengo kwa sababu ya mlango mmoja uliofungwa, na hawakuwahi kuuliza kama upo mwingine. Kama kawaida, majina ya waandishi tumeyaondoa.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na kupata daraja la tatu, pointi 22. Kiswahili nina B. Biolojia, Kiingereza, Historia na Uraia nina C. Kemia, Fizikia na Jiografia nina D. Hisabati nina F. Nimepangiwa kidato cha tano katika tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na natakiwa kuripoti Julai. Tangu nikiwa darasa la sita nataka kuwa daktari. Baba anasema nishukuru kwa shule niliyopata, na kaka anasema daktari mwenye F ya Hisabati hajawahi kuonekana. Je, niachane na ndoto hii? — Binti, Singida

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kaka yako ana hoja, ingawa ameitoa kwa kejeli, na nitairudia baada ya kulimaliza suala la shule.

HKL ni tahasusi nzuri kwa anayetaka sheria, ualimu au uandishi wa habari. Haiendi kwenye udaktari, kwa kuwa anayeomba shahada ya udaktari akitokea kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa hiyo ukiripoti Julai utakuwa umeshachagua, hata kama nyumbani hakuna aliyekuambia kwamba huo ni uchaguzi. Tahasusi ya PCB nayo ni ngumu kuipata kwa D ulizo nazo katika Kemia na Fizikia. Inabaki njia ambayo baba yako huenda haijui vizuri, nayo ni stashahada ya utabibu. Vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, hupokea waombaji wenye ufaulu usiopungua D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia, na sifa hizo unazo. Masomo huchukua miaka mitatu, kutoka ngazi ya nne hadi ya sita, na anayehitimu huwa afisa tabibu, yaani mtu anayepima, anayetibu na anayeandika dawa katika zahanati na vituo vya afya ambavyo Watanzania wengi huvifikia kabla ya kuiona hospitali ya wilaya.

Sasa turudi kwa kaka. Afisa tabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari, na wapo madaktari wengi waliopita njia hiyo. Hata hivyo, miongozo ya udahili ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ya miaka ya karibuni imetaka stashahada yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na D katika masomo matano ya kidato cha nne: Biolojia, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. F yako haikuzuii kuanza, lakini itakusubiri mbele ya safari, na ni afadhali uiondoe ukiwa bado unaikumbuka Hisabati yenyewe kuliko kukutana nayo ukiwa na miaka 27, kazi na pengine mtoto.

Utairudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo hilo peke yake. Usajili wa Baraza la Mitihani hufunguliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi, kwa hiyo dirisha la mwaka huu lihesabu kuwa limepita na uweke nia ya mwakani. Tazama pia ukubwa halisi wa kazi iliyo mbele yako. D huanzia alama 30 kwa 100. Katika muundo uliotumika miaka ya karibuni, sehemu ya kwanza ya mtihani wa Hisabati huwa na maswali kumi ya alama sita sita, yaani alama 60. Nusu tu ya sehemu hiyo inakufikisha kwenye D, hata kabla hujaligusa swali moja la sehemu ya pili. Usianze kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza kama wafanyavyo wengi, wakachoka kabla ya mwezi kwisha. Chukua mitihani iliyopita, chagua mada chache zinazojirudia kila mwaka, kwa mfano uwiano, faida na hasara, takwimu na matriki, na uzifanye hadi mkono uandike hatua zake bila kusitasita. Kila usiku swali moja au mawili, ukiwa na kalamu mkononi na majibu ukiwa umeyafunika.

Kuhusu gharama, vyuo vya serikali ni nafuu kuliko vya binafsi, na ushindani wake ni mkubwa kwa sababu hiyohiyo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa baadhi ya fani za stashahada, na afya imo katika fani za kipaumbele, ila masharti yake yasomeni pamoja na baba kabla ya kuyategemea. Chuo chochote mtakachokiona kwenye tangazo, hakikisheni kwanza kimesajiliwa na NACTVET. Mkumbuke pia kwamba sifa za chini hukupa haki ya kuomba tu, wala si ahadi ya nafasi.

Nikihesabu pamoja nawe, ni miaka mitatu ya stashahada, mitano ya shahada na mmoja wa utarajali. Hiyo ni tisa, bila miaka utakayofanya kazi katikati ili upate ada. Kabla hujamjibu baba, nenda kwenye zahanati ya karibu, umwombe mganga mfawidhi akuruhusu ukae asubuhi chache mahali pa kupokelea wagonjwa, uone foleni ya watoto wenye homa, uone uandishi wa kadi, uone jinsi mtu mmoja anavyofanya kazi ya watu watatu. Ukitoka hapo unataka kurudi kesho yake, mweleze baba hesabu hii yote akiwa ametulia, huku ukiwa na karatasi mkononi, kwa maana wazazi wengi hawakatai lengo la mtoto, wanakataa kutoona litakavyofikiwa. Na ukitoka hapo umechoshwa, HKL bado ipo hadi Julai, na hakuna atakayekulaumu kwa kubadili nia ukiwa umejua unachokiacha.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwanangu wa kiume alipata divisheni ziro. Katika masomo yote amepata D moja tu, ya Kiswahili. Tangu hapo anashinda kijiweni kwa fundi pikipiki, anarudi usiku nguo zimejaa oili, na hela kidogo anayopewa anaiweka kwenye mikeka ya kubeti. Nikimuuliza ana lengo gani ananyamaza. Mimi na mama yake tumekata tamaa. — Mzazi, Kahama

JIBU: Mzazi mwenzangu, pole kwa matokeo na kwa wasiwasi. Naomba, hata hivyo, uisome tena barua yako kwa jicho la mtu mwingine. Umeniandikia kwamba kijana aliyetoka shuleni na karatasi ya aibu, ambaye hakuna aliyemlazimisha kuamka, anakwenda mahali palepale kila siku, anafanya kazi hadi usiku na anarudi na oili kwenye nguo. Kunyamaza kwake ninakuelewa tofauti na wewe. Mtoto aliyetangaziwa ziro mbele ya mtaa mzima huogopa kulitaja lengo lolote kwa sauti, asije akachekwa mara ya pili.

Badala ya kumuuliza ana lengo gani, mtembelee kijiweni. Mkute akiwa amefungua kabureta, muulize inafanyaje kazi, na umwache akueleze. Kisha zungumza na fundi, mkubwa kwa mkubwa, juu ya mambo mawili: kwamba kijana afundishwe kwa mpangilio, injini, gia, breki na mfumo wa umeme, badala ya kuachiwa kuosha vipuri tu, na kwamba malipo yake yajulikane. Hapo huenda mkeka ukapungua wenyewe. Anayepokea elfu mbili zisizo na mpango hujaribu kuzigeuza ishirini kwa mechi za Jumamosi, na matusi ya mzazi hayajawahi kuizuia tabia hiyo. Kinachoweza kuizuia ni fedha kuwa na kazi iliyokwisha kupangiwa, kwa mfano ununuzi wa seti yake mwenyewe ya spana, ambayo ukiweza umchangie nusu.

Hatua inayofuata ni VETA. Chuo cha ufundi stadi hakidai divisheni, na kozi za muda mrefu kwa kawaida huanza Januari, huku fomu zikitolewa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ulizieni mapema katika chuo kilicho karibu nanyi. Asisomee ufundi wa pikipiki peke yake ikiwa inawezekana. Ufundi wa magari au umeme wa magari utampeleka mbali zaidi, hasa katika eneo lenu lenye migodi na mitambo mikubwa. Vyeti vya ufundi stadi vina madaraja matatu. Mwenye daraja la tatu, akiongeza na ufaulu unaotakiwa wa masomo ya kidato cha nne, anaweza kuomba astashahada, na kutoka hapo stashahada na hata uhandisi. Ndiyo maana sitakushauri mfute kabisa wazo la kurudia masomo mawili au matatu siku za mbele, akiwa tayari ana chake mkononi na hofu imempungua. Mkiona chuo hakiwezekani kwa sasa, VETA pia ina utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini, na fundi aliyekaa gereji muda wa kutosha hupimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili.

Kwa hiyo usimpunguzie ukubwa wa lengo kwa sababu ya ziro. Mwambie kwamba unatarajia siku moja awe na gereji inayopokea malori, na uitaje kwa jina lake, gereji yenye shimo la kukagulia na vijana anaowafundisha. Hiyo ndiyo lugha anayoielewa sasa.

SWALI: Mshauri, nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nasubiri matokeo na nimeitwa JKT. Nina malengo mengi: kusoma uchumi, kuwa mhasibu mwenye CPA, kufuga kuku wa mayai, kutangaza mpira redioni na kujifunza programu za kompyuta. Kila nikianza moja naona nachelewa kwenye lingine. Bibi ananikumbusha kila siku kwamba mshika mbili moja humponyoka. — Kijana, Mbeya

JIBU: Bibi yako mheshimu, lakini methali hiyo inahusu kushika mawili kwa wakati mmoja. Haikatazi kushika moja leo na lingine baada ya miaka minne. Katika orodha yako sioni malengo matano. Naona safari moja ndefu, na pembeni yake mambo ya kupumzikia.

Shahada ya uchumi, au ya uhasibu, ni kituo cha kwanza. Mitihani ya CPA inayoendeshwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, huja baada yake, na anayesomea uhasibu wenyewe huifikia akiwa na mzigo mwepesi kuliko mchumi. Hilo ni jambo la kuamua sasa, wakati wa kuchagua kozi, kwa kuwa ukilichelewesha utalipia kwa miaka. Kompyuta iingize humohumo, kwa kuanza na jedwali la hesabu la kawaida ambalo kila ofisi hulitumia. Kuku na redio havina tarehe ya mwisho ya kuomba. Udahili unayo.

Mfumo wa udahili wenyewe utakulazimisha ufanye kile unachokikwepa. Utaruhusiwa kuomba vyuo kadhaa na kuorodhesha kozi mbalimbali, lakini ukichaguliwa katika zaidi ya chuo kimoja, TCU itakutaka uthibitishe kimoja tu kwa namba ya siri utakayotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa. Kila mwaka wapo wanaosita hadi dirisha linafungwa, wakiwa wamechaguliwa vyuo viwili na hawana hata kimoja. Matokeo yakitoka Julai, angalia kwanza kama una angalau alama mbili kuu (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa kozi nyingi, kisha usome sifa za kila kozi katika mwongozo wa mwaka huu, wala usitumie wa mwaka jana aliokuachia jirani.

Miezi ya JKT nayo usiione kama muda uliopotea. Hutakuwa na nafasi ya kuanza jambo jipya kila Jumatatu, na kwa mtu wa aina yako hilo ni jema. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini namba yako ya mtihani na orodha ya kozi zako kwa mpangilio, ili dirisha likifunguliwa ukiwa kambini asianze kubahatisha.

SWALI: Nilimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita. Sasa ni mpokea wageni katika hoteli moja huku Nungwi. Mshahara si mbaya na naisaidia familia. Lengo langu lilikuwa kusoma hadi chuo kikuu na siku moja kuendesha hoteli, lakini rafiki zangu waliokwenda chuo wananiona nimeridhika na kaunta. Je, nimechelewa? — Msomaji, Unguja

JIBU: Dada yangu, miaka miwili si kuchelewa. Nitakupa mfano wa karibu na kwenu, unaojulikana kwa wote. Rais Samia Suluhu Hassan alipomaliza sekondari mwaka 1977 aliajiriwa kama karani katika wizara iliyoshughulikia mipango na maendeleo huko Zanzibar. Stashahada ya juu ya utawala aliipata mwaka 1986, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Mzumbe, na baadaye akaenda kusoma Uingereza katika Chuo Kikuu cha Manchester. Simtaji ili kila mpokea wageni ajione Ikulu, maana mifano ya namna hiyo huchosha. Namtaja kwa ajili ya ile miaka tisa kati ya ukarani na stashahada, ambayo watu wanaosimulia maisha ya wakubwa huiruka haraka. Katika miaka hiyo palikuwa na kazi, na masomo yakachanganywa na kazi, na hakuna aliyekuwa akipiga makofi.

Wewe tayari uko ndani ya nyumba unayotaka kuiendesha, na hilo wenzako waliopo chuoni hawanalo. Kaunta inakuonyesha nani anaghairi na kwa nini, chumba kipi hulalamikiwa, msimu upi hoteli huwa tupu. Yaandike. Muombe msimamizi akuhamishe kwa muda katika idara nyingine, hasa uhifadhi wa vyumba na hesabu, na uchukue lugha moja ya wageni wenu wengi, Kiitaliano au Kijerumani, hadi uweze kumaliza nayo malalamiko ya mgeni bila kumwita mtu. Kwa masomo, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inafundisha utalii na hoteli katika kampasi yake ya Maruhubi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikusudiwa hasa watu wasioweza kuacha kazi. Utaanza na astashahada. Kiasi fulani cha mshahara, hata kidogo, kitoke kila mwezi kabla familia haijauhesabu, na uiambie familia wazi kwamba ni cha ada. Ukikificha, siku kikijulikana kitaonekana kama uchoyo, na kitaliwa na msiba au harusi ya kwanza.

SWALI: Natarajia matokeo mazuri ya kidato cha sita na lengo langu ni uhandisi wa umeme. Baba yangu alifariki na mama hana uwezo, kwa hiyo nategemea mkopo. Walimu walituambia tusubiri matokeo kwanza. Kuna la kufanya sasa? — Kijana, Lindi

JIBU: Pole kwa msiba, kijana wangu. Lipo la kufanya, na usisubiri matokeo. Bodi ya Mikopo huhitaji cheti chako cha kuzaliwa na cha kifo cha mzazi viwe vimehakikiwa na RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, na namba ya uhakiki ndiyo inayojazwa katika fomu. Waombaji wengi hufika huko wakiwa na cheti chenye jina lisilofanana na la cheti cha kidato cha nne, herufi moja tu imezidi, na marekebisho yake huchukua muda ambao dirisha la maombi haliwasubiri. Leo linganisha majina katika vyeti vyote, herufi kwa herufi. Kama cha kifo hakijawahi kuchukuliwa, mwende na mama katika ofisi ya mkuu wa wilaya wiki hii, mkiwa na kibali cha mazishi au barua ya serikali ya kijiji. Fomu ya mkopo itahitaji pia mdhamini na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa hiyo mwambieni mapema huyo mtakayemtegemea, kabla hajasafiri.